Mguu wa Mtoto na Haki ya Mzazi

Katika viumbe vyote vinavyozaliwa, hakuna kinachokaa mikononi mwa wengine kwa muda mrefu kama mwanadamu. Ndama husimama siku ile ile aliyozaliwa, na kifaranga hudonoa mapema baada ya kutoka yaini. Lakini mtoto wa mtu hulazwa, hugeuzwa, hulishwa, huvikwa na kuvuliwa, wala haulizwi. Mengi katika hayo tumetendewa sisi sote, na kwa kuwa hatuyakumbuki, hatukupata kujiuliza waliotutendea walikuwa na haki gani. Swali hilo hulala usingizi mpaka ije siku ambayo jambo linalotendwa lamliza mtoto, na mtendaji ni mama yake au baba yake. Hapo huamka, na mtu mwenye moyo hawezi kulibembeleza lilale tena.

Nataka tulitazame swali hilo katika jambo dogo, dogo kama unyayo wa mtoto wa wiki mbili. Wako watoto wanaozaliwa na mguu uliopinda: kisigino kimevutwa juu, unyayo umegeukia ndani kana kwamba watafuta kuonana na unyayo wa pili, na vidole vimeelekea upande usio wake. Kwa Kiswahili twauita mguu kifundo. Si jambo la nadra kama watu wadhanivyo. Katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa duniani, kwa makadirio, mmoja huja nao. Wavulana hupatwa karibu mara mbili kuliko wasichana, na karibu nusu ya watoto hao huwa wamepinda miguu yote miwili. Kwa kuwa katika Kenya huzaliwa watoto zaidi ya milioni moja kila mwaka, msomaji mwenye hesabu ataona mwenyewe kuwa kila mwaka wako wazazi elfu moja na zaidi wanaofunua blanketi kwa furaha, kisha wakanyamaza.

Yafaa ijulikane mapema kuwa mguu huu haumuumi mtoto. Ananyonya, analala, anarusha miguu yake hewani kama wenziwe. Lau angeweza kusema, angesema kuwa hana shida na mtu. Maumivu yake yamewekwa akiba mbele. Atakapotaka kusimama atakanyaga kwa ubavu wa mguu, na pengine kwa mgongo wake. Ngozi itaota sugu, na sugu itapasuka iwe kidonda. Viatu vya dukani vitamkataa. Njia ya shule, ambayo kwa wenziwe ni ya nusu saa, kwake itakuwa safari. Kwa hiyo mzazi anatakiwa kumsumbua mtoto asiyelalamika, ili amwokoe mtu mzima ambaye bado hajakuwapo. Ugumu wote wa swali letu umo humo. Mgonjwa mwenye maumivu humwomba mganga amguse. Huyu hakuomba chochote.

Na usumbufu wenyewe si mdogo. Tiba inayotumika leo katika nchi nyingi za dunia yaitwa kwa jina la daktari Ignacio Ponseti, nami nitamrudia baadaye. Hapa Eldoret hutolewa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo ilianza mwaka 1917 kama hospitali ndogo ya vitanda 60 na leo hupokea wagonjwa wa Bonde la Ufa na magharibi ya Kenya. Mtaalamu huushika mguu wa mtoto kwa vidole vyake, huunyosha kidogo tu, kadiri nyama na kano zinavyokubali bila kushurutishwa, kisha huufunga plasta kutoka vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Baada ya wiki moja plasta huondolewa, mguu hunyoshwa tena kidogo, na plasta nyingine hufungwa. Hufanywa hivyo mara tano au sita, pengine zaidi. Wiki zote hizo mtoto haogeshwi ndani ya beseni, bali hupanguswa kwa kitambaa; na anayeijua baridi ya Eldoret mwezi wa Julai, juu ya nyanda zilizoinuka mita 2100 kutoka usawa wa bahari, aweza kukisia plasta mbichi huchukua muda gani kukauka juu ya paja la mtoto mchanga.

Mguu ukiisha kugeuka, aghalabu kisigino hubaki bado kimevutwa juu. Hapo daktari huikata kano ya kisigino kwa kijisu chembamba, jeraha dogo lisilohitaji kushonwa. Kano hujiunga upya yenyewe, ndefu kuliko kwanza, ndani ya wiki tatu za plasta ya mwisho. Plasta hiyo ikiondolewa mguu umenyoka, na mtu asiyeambiwa hawezi kujua kuwa ulipata kupinda. Mama hulia kwa furaha. Jamaa husema kazi imekwisha.

Kumbe ndipo inapoanza. Twasema samaki mkunje angali mbichi, na methali hiyo yaufaa mguu wa mtoto mpaka hapa tulipofika. Lakini mbele ya hapa haiufai tena, maana samaki aliyekunjwa akakauka hubaki vile alivyokunjwa, na mguu haubaki. Mguu una ukumbusho wa ajabu. Ukiachwa, hurudi kidogo kidogo katika upinde uliozaliwa nao. Kwa sababu hiyo mtoto huvikwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito, nyayo zikielekea nje, na kwa muda wa miezi mitatu ya kwanza hukaa navyo saa 23 katika kila saa 24. Baada ya hapo huvivaa usiku na wakati wa usingizi wa mchana, mpaka atimize miaka minne, na pengine mitano. Plasta ni kazi ya mtaalamu na huchukua miezi miwili. Viatu ni kazi ya nyumbani, nayo huchukua zaidi ya usiku 1400.

Sasa tulirudie swali. Wako watu, nao si wajinga, watakaosema: mwili ni wa mtoto, kwa nini asiachwe akue, kisha achague mwenyewe kunyoshwa au kubaki alivyo? Hoja hii ina heshima ndani yake, na siku hizi yapendwa, kwa kuwa tumejifunza kuogopa watu wanaowaamulia wengine. Lakini yadhania kuwa chaguo hukaa mahali pamoja likimngoja mwenyewe, kama sanduku lililofungwa. Halikai. Mifupa ya mtoto mchanga bado ni laini, na kano zake hukubali kuvutwa. Kila mwaka upitao, ukubali huo hupungua. Hata mtoto aliyechelewa miaka kadhaa husaidiwa, wala mzazi wake asikate tamaa kwenda hospitali. Lakini kijana wa miaka kumi na mitano aliyeachwa “achague mwenyewe” atakuta kuwa njia laini imekwisha zibwa, na zilizobaki aghalabu ni za kukata na kuunga mifupa. Wazazi waliosema hawakuamua waliamua siku nyingi, ila uamuzi wao haukuwa na kelele.

Basi, kutotenda nako ni kutenda. Nakubali hoja hiyo, lakini naiogopa, na ningependa msomaji kijana aiogope pamoja nami. Hakuna ukatili wa mzazi usioweza kuingia katika nyumba yake na kujifunika blanketi lake. Mara ngapi tumesikia kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye? Methali hiyo ni ya kweli mbele ya plasta, lakini imetumika miaka mingi kutetea fimbo. Katika shule za Kenya fimbo ilipigwa marufuku mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 ikaweka kuwa katika kila jambo linalomhusu mtoto, manufaa ya mtoto yatangulizwe, hata hivyo wako walimu na wazazi ambao bado huinua mkono na kusema, “Utanishukuru ukikua.” Mwenye kufunga viatu vya ufito naye asema vivyo hivyo: utanishukuru ukikua. Ikiwa maneno ni mamoja na kilio ni kimoja, tutawatenganishaje watu hawa wawili?

Jambo la kwanza linalowatenganisha ni ujuzi. Nia njema haitoshi. Miaka ya mwanzo na ya kati ya karne ya ishirini, madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliunyosha mguu kifundo kwa kisu. Walikata, wakafungua viungo, wakapanga mifupa, na mtoto alitoka na mguu ulionyoka. Waliwapenda watoto hao. Ponseti, aliyezaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca nchini Hispania, mwana wa fundi wa saa, alikuwa amekwisha kuona damu nyingi kabla ya kufika Marekani: alitibu majeruhi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, na upande wake uliposhindwa alisaidia kuwavusha majeruhi milimani waingie Ufaransa, kisha akakimbilia Mexico. Alipofika Iowa mwaka 1941 aliwatazama watu waliopasuliwa utotoni, wakati huo wakiwa watu wazima, akaona kuwa miguu yao imekuwa migumu, dhaifu na yenye maumivu. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1940 alitengeneza njia yake ya vidole na plasta, akatangaza matokeo yake mwaka 1963, na kwa zaidi ya miaka thelathini madaktari wengine karibu wote hawakumsikiliza. Alipochapisha kitabu chake mwaka 1996 alikuwa na umri wa miaka 82. Na walioieneza habari yake hawakuwa maprofesa peke yao. Walikuwa pia wazazi, ambao mwisho wa miaka ya 1990 walianza kupashana habari kwa intaneti, mama wa mji huu akimwambia mama wa nchi ile kuwa iko njia isiyohitaji kisu kikubwa. Alikufa mwaka 2009.

Ajabu ni kwamba jambo lenyewe si jipya. Hippocrates wa Uyunani, yapata miaka 2400 iliyopita, aliandika kuwa mguu wa namna hii hutibika ukiwahiwa, na kwamba mganga ausukume taratibu kwa mikono kama mfinyanzi wa nta na kuufunga bendeji. Wanadamu walijua, wakasahau, wakajua tena. Nalitaja hili kwa sababu mwenye fimbo hatafuti kujua fimbo yake ilifanya nini baada ya miaka ishirini; anajua tayari, au asema anajua. Ponseti alikwenda kutazama.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo ni kujiuliza: twaunyosha mguu huu kwa ajili ya nani?

Hapa Eldoret swali hilo lina uzito ambao huenda halina kwingine. Mji huu, ambao wazee wangali wauita Sisibo kwa ile namba 64 ya shamba ulipoanzia, ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2024. Lakini ulimwengu uliujua kabla ya hapo, tena kwa sababu ya miguu. Kipchoge Keino alipata dhahabu ya mita 1500 huko Mexico mwaka 1968, na ya mita 3000 za kuruka viunzi na maji huko Munich mwaka 1972, na uwanja wetu unaitwa kwa jina lake. Alfajiri, barabara za kwenda Iten na Kaptagat zimejaa vijana wanaokimbia, na hata asiyekimbia huona kuwa sifa yao ni sifa yake. Katika mji wa namna hiyo mguu uliopinda hautazamwi kama sikio lililopinda. Mzazi hubeba mtoto aliyefungwa plasta akipita stendi ya matatu, na macho humfuata. Naye aweza kutamani mguu unyoke upesi, si kwa kuwa mtoto atateseka, bali kwa kuwa yeye mwenyewe anaona haya leo.

Haya ya mzazi si sababu ya kumtia mtoto plasta. Nalisema waziwazi, maana liko kosa kubwa hapa. Mtu aliyekua na mguu uliopinda hakupungua utu hata chembe. Hujafa hujaumbika, wala hakuna anayetembea leo ambaye amepewa ahadi kuwa atatembea kesho. Twamtibu mtoto ili asiumie na aweze kwenda atakako. Kama tungekuwa twamtibu ili awe mtu kamili, tungekuwa tumewatukana wote ambao hawakutibiwa. Na wale wanaowafariji wazazi kwa kuwatajia mabingwa, kwamba Kristi Yamaguchi aliyepata dhahabu ya kuteleza barafuni mwaka 1992 alizaliwa na mguu kifundo, na Mia Hamm, yule mchezaji mpira mashuhuri wa Marekani, vivyo hivyo, husema kweli na hukusudia wema. Ila mimi faraja hiyo hainiingii. Mguu wa mtoto hauna deni la medali. Ukimfikisha dukani akanunua chumvi na kurudi bila maumivu, umekwisha fanya kazi yake.

Lakini tutajuaje nia ya mzazi, ikiwa hata yeye mwenyewe aghalabu haijui? Nionavyo mimi, tiba hii ina kipimo ndani yake. Anayeutaka mguu unyoke machoni pa watu hupata alichotaka siku plasta ya mwisho inapoondolewa. Mguu ni mzuri, wageni husifu, haya imekwisha. Kuanzia siku hiyo viatu vya ufito havimfai kitu, bali vyamrudishia haya, kwa kuwa mtoto mwenye mguu mzuri aonekana amefungwa kama mfungwa. Basi huviacha usiku mmoja kwa kuwa mtoto ana mafua, na usiku wa pili kwa kuwa wako wageni. Anayeutaka mguu kwa ajili ya mtoto hujikuta akifanya kazi ambayo hakuna anayeiona, juu ya mguu ambao hauonyeshi kasoro, kwa kutegemea neno la watu waliowahi kutazama miguu ya wengine. Wataalamu husema sababu kubwa ya mguu kurudi kupinda ni kuachwa kwa viatu. Nami nasadiki kuwa katika miaka minne hiyo, kuliko katika wiki zile za plasta na machozi, ndipo mzazi huipata haki aliyoitumia. Alipoanza, alikopeshwa.

Hata hivyo nisidhaniwe kuwa namhukumu kila mzazi anayekatiza. Mama atokaye Lodwar kuja Eldoret husafiri zaidi ya kilomita 300, na akiwa na mtoto mgongoni, nauli ya kila wiki kwa wiki sita si jambo la upendo wala ukosefu wa upendo; ni hesabu. Mwenye kuuza mahindi ya kuchoma hana siku ya mapumziko yenye mshahara. Yako mambo ambayo lazima watu wengine wayafanye kabla hatujafungua kinywa kumlaumu mama, na mengine yamefanywa kwa akili nzuri. Nchini Uganda, Michiel Steenbeek alitengeneza viatu vya ufito kwa ngozi na chuma vinavyopatikana karakana za kwetu, badala ya kungoja vya bei kubwa kutoka ng'ambo. Na huko huko, na katika nchi nyingine za Afrika, matabibu wasio madaktari bingwa walifundishwa kufunga plasta hizi, wakazifunga vyema. Hospitali ya CURE iliyofunguliwa Kijabe mwaka 1998 ilijengwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Haki ya mzazi haikamiliki pasipo fundi wa viatu.

Nimesema mengi kwa jumla, na msomaji ana haki ya kuuliza nimeyatoa wapi. Mwana wetu wa pili alizaliwa hapa Eldoret akiwa na mguu kifundo wa kulia. Mama yangu alikuja kutoka nyumbani kumwona mjukuu. Kogo, kama tunavyowaita nyanya zetu, alimfunua mtoto, akamtazama sana, akamfunika. Kisha akamgeukia mke wangu.

“Mwanangu,” akasema kwa sauti ya upole, “ulipokuwa mzito, hukumcheka mtu njiani?”

“La, Mama. Sikumcheka mtu.”

“Labda umesahau.”

“Labda, Mama,” akajibu mke wangu, akainamisha kichwa.

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, kiti cha pili, na hakuna aliyeniuliza kama nilicheka. Sayansi haijafunua chanzo chote cha mguu kifundo. Yajulikana kuwa ukoo una sehemu yake, na ukoo una pande mbili. Kicheko hakimo. Lakini lawama ilimwendea mama moja kwa moja, kama maji yajuavyo mteremko, na katika nyumba nyingi huishia huko, na baba akapumzika. Nilimwambia mama yangu niliyoambiwa hospitalini. Alisikiliza bila kusema kitu. Lazima niongeze, kwa haki yake, kuwa katika miaka iliyofuata hakuna aliyekuwa mkali wa viatu nyumbani kwetu kuliko yeye. Akija kulala, huingia chumbani kwa mtoto na tochi kuhakikisha kuwa kamba hazikulegea.

Miezi ya kwanza mtoto alilia usiku mbili tatu, kisha akajifunza kurusha miguu yote miwili kwa pamoja, ufito ukigonga mbao za kitanda, ko, ko, ko, na kelele hiyo ikawa saa yetu ya alfajiri. Kumbe shida ilikuwa inangoja mbele, nayo haikuandikwa katika karatasi tuliyopewa. Tulikuwa tumejiandaa kwa mtoto asiyeweza kusema. Hatukuwa tumefikiri kuwa tiba ni ndefu kuliko ububu wake. Alipotimiza miaka mitatu alikuwa na maneno, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa “sitaki”.

“Baba, leo mguu upumzike.”

“Ukilala husahau njia, mwanangu. Kiatu huukumbusha.”

Akafikiri. “Na wewe mguu wako haulali?”

“Hulala.”

“Mbona hausahau?”

Nilimjibu kuwa miguu haifanani, kama watoto wa darasa moja wasivyofanana, na wangu haukuzaliwa ukiifuata njia ile nyingine. Hakuridhika. Alilia, na nikamvika viatu akilia. Lakini tangu usiku ule niliona kuwa haki ya mzazi haikai na kipimo kimoja kwa miaka minne. Juu ya mtoto wa wiki mbili ilikuwa kubwa, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kusema. Na kwa kadiri alivyopata maneno ilipungua, na mahali pake paliingia deni, nalo ni kumpa sababu, sababu ya kweli, iliyokatwa kwa kimo chake, hata kama sababu hiyo haitamzuia kulia. Mwenye fimbo hana desturi ya kulipa deni hilo. Kwake “sitaki” ya mtoto ni ukaidi, na hulijibu kwa mkono. Mimi nilijibu maswali yale kila jioni kwa mwaka mzima, na nathubutu kusema kuwa mengine yalikuwa bora kuliko ninayoulizwa chuoni.

Siku moja atakuwa na umri wa kuuliza swali lile ambalo Ponseti alikwenda kuwauliza watu wazima wa Iowa: mguu u hali gani? Jibu litakuwa lake. Sisi tulifanya kwa ujuzi uliokuwapo, na kama kesho utapatikana ujuzi mwingine, atakuwa na haki ya kutupima kwa huo, wala sitamwambia anishukuru.

Alipotimiza miaka minne na miezi michache tuliambiwa yatosha. Viatu vilivyokuwa vimemwacha, jozi kwa jozi, tulikuwa tumevihifadhi, na ile jozi ndogo kuliko zote, ambayo urefu wake haufiki kidole changu cha kati, tukaipeleka kliniki. Alikuwapo mama mmoja kijana aliyetoka upande wa Marakwet, mwanawe ameondolewa plasta asubuhi ile, mguu umenyoka na ngozi yake nyeupe kwa vumbi la plasta. Aliuliza kama ni lazima kweli, na mguu umekwisha pona. Mke wangu akakaa kando yake kwenye benchi, akamwambia, “Ndiyo, dada, lazima,” akavishika viatu, akamwonyesha lile tundu dogo lililo nyuma, ambalo mtu huchungulia kuona kama kisigino kimekaa chini. Mama yule akainama, akachungulia.